Tunawajua Tuliowachagua, Je, Tuliowaacha?

Usajili wa Simba na Yanga nawaachia wenzangu wa kipindi cha michezo. Mimi leo naomba tuizungumze karatasi moja ndogo ambayo husomwa kwa sauti kila msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari: karatasi ya majina ya walioteuliwa.

Mnajua inavyokwenda. Shule inatoa timu, kata inachuja, halmashauri inachuja tena, mkoa wa Pwani nao unachuja, na waliobaki ndio wanaokwenda taifa. Mtoto wa shule ya msingi hapa Tangini, Kibaha, anapita mikononi mwa walimu na makocha kadhaa, na kila mmoja ana dakika chache tu za kumtazama. Jua linazama, vumbi limetanda, watoto wamejipanga nyuma ya goli, mwalimu anaita jina moja moja. Aliyeitwa anahamia upande wa pili. Asiyeitwa anavua viatu, mara nyingi vya kuazima, anamrudishia mwenyewe, anakwenda zake nyumbani. Karatasi inapelekwa kwa afisa michezo, na habari inaishia hapo. Baada ya miaka mitano au kumi hakuna anayeifungua tena kuuliza: hivi siku ile tulichagua vizuri?

Swali hilo ndilo linalonisumbua.

Wamarekani, katika ule mpira wao wa miguu wa kuvaa kofia ngumu, wana utaratibu unaoitwa drafti. Kila mwaka timu zao 32 zinakaa kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Timu iliyofanya vibaya msimu uliopita inaanza kuchagua, bingwa anachagua mwisho, na duru ziko saba. Kila kijana anayechaguliwa anapata namba yake: wa kwanza, wa pili, wa 40, wa 200. Kwetu hakuna kitu kama hicho, na sisemi tukilete. Ninachokipenda kwenye drafti ni hiyo namba. Timu inapomchukua kijana akiwa wa tano, imetabiri mbele ya umma kwamba huyu atakuwa bora kuliko wa sita na wote wanaofuata. Utabiri umeandikwa. Baada ya miaka kumi mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kurudi akaupima.

Na Mtanzania mmoja amepitia kwenye tanuri hilo, ingawa kwa mchezo wa kikapu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA mwaka 2009 na timu ya Memphis Grizzlies. Wa pili kwa Marekani nzima! Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika NBA kabla yake, na heshima hiyo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini tazameni waliokuja nyuma yake kwenye orodha ileile. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry, ambaye leo wengi wanamwona kuwa mlengaji bora wa mitupo ya mbali aliyepata kutokea. Timu ya Minnesota ilikuwa na nafasi ya tano na ya sita, zikifuatana. Ikachagua walinzi wawili, na Curry anacheza nafasi hiyohiyo, ikamwacha.

Sasa msikilizaji usikimbilie kusema Memphis walikuwa vipofu. Hapana. Walikuwa na takwimu nzuri mkononi. Msimu wake wa mwisho pale Chuo Kikuu cha Connecticut, Hasheem alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 ya wapinzani aliyoizuia kwa kila mchezo. Namba hizo si za kubahatisha. Shida ilikuwa mahali zilipopatikana. Zilipatikana dhidi ya vijana wa chuo, na wengi kati yao walikuwa wafupi kuliko yeye kwa kichwa kizima. Alipoingia kwenye ligi ya watu wazima wenye mabavu, faida ile ya urefu ikapungua, na msimu wa kwanza wastani wake ukawa pointi 3.1. Kabla msimu haujaisha alikuwa amepelekwa ligi ya chini kujinoa. Kijana hakubadilika. Kilichobadilika ni waliosimama mbele yake.

Hilo likae kichwani, maana ndilo linalotokea kwenye viwanja vyetu kila mwaka.

Nimalizane kwanza na Wamarekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye ule mpira wa kofia ngumu, timu ya Dallas Cowboys, chini ya kocha Jimmy Johnson, ilitengeneza jedwali la thamani ya kila nafasi ya drafti. Nafasi ya kwanza ilipewa pointi 3000, ya 16 ikapewa 1000, ya 33 ikapewa 580. Maana yake ukitaka kubadilishana, nafasi ya kwanza ni sawa na nafasi tatu za kumi na sita. Timu nyingine zikalifuata jedwali hilo kwa miaka mingi. Halafu wakaja wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017. Wakachukua orodha za drafti za miaka mingi, wakalinganisha kila mchezaji na yule aliyechaguliwa baada yake katika nafasi ileile ya uwanjani. Je, aliyetangulia ndiye aliyekuja kuwa bora? Jibu: mara nyingi ndiyo, lakini kwa kiasi kidogo tu zaidi ya nusu ya mara zote. Wataalamu wanaolipwa mishahara minono, wenye video, vipimo vya mbio na madaktari, kwenye kuchagua kati ya huyu na anayemfuata, wanakaribia kuwa sawa na mtu anayerusha shilingi.

Tuwatendee haki. Ukiwachukua kwa mafungu makubwa, waliochaguliwa mapema huwa bora kuliko waliochaguliwa mwisho. Jicho la mtaalamu linaona kitu. Watu hupenda kumtaja Tom Brady, aliyechaguliwa wa 199 mwaka 2000 akaja kushinda fainali kuu ya Super Bowl mara saba, kana kwamba amethibitisha kuwa kuchagua ni kamari tupu. Mtu mmoja hathibitishi jambo. Walichoonyesha Massey na Thaler ni kitu kingine: timu zinajiamini kupita kiasi. Zinatoa nafasi nyingi za kati ili kupanda juu kumfuata kijana mmoja wanayeapa kuwa ndiye, wakati zingepata faida kubwa zaidi kwa kubaki na vijana wengi.

Kama wao wenye vyote hivyo wako hivyo, mwalimu wa Tangini mwenye filimbi moja na jioni moja afanyeje?

Nataka tupige hesabu pamoja. Aliye na kalamu aandike, asiye nayo afuate kwa masikio. Chukua washambuliaji 32 kwenye mashindano, na tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, wote wana uwezo sawasawa kabisa. Kila mmoja, katika kila mechi, ana nafasi nusu kwa nusu ya kufunga. Wanacheza mechi tano. Kwa wastani, baada ya mechi tano, mtoto mmoja atakuwa amefunga katika mechi zote tano. Watano watakuwa wamefunga katika mechi nne. Kumi katika tatu, kumi katika mbili, watano katika mechi moja tu. Na mmoja hatafunga hata mara moja.

Jumlisha: 1, 5, 10, 10, 5, 1. Jumla 32.

Sasa mfikirie yule aliyefunga mechi zote. Jina lake litasomwa la kwanza. Watu watambeba mabegani, redio kama hii itamhoji, kocha wa mkoa atamwita mwanangu. Na yule ambaye hakufunga kabisa ataambiwa arudi akasome, mpira si wake. Nasi tulikubaliana tangu mwanzo kwamba wako sawa! Tofauti yote ile imeletwa na bahati ya mechi tano. Mwakani wakicheza tena, yule wa kwanza atashuka na yule wa mwisho atapanda, na sisi tutasema wa kwanza amelewa sifa. Hajalewa chochote. Bahati imerudi mahali pake.

Watoto wa kweli hawako sawa, najua. Kuna wenye kipaji kinachoonekana hata ukiwa barabarani ndani ya basi. Lakini ndani ya kila orodha ya wafungaji bora wa mashindano mafupi kumechanganyika vipaji na bahati, na mechi tano hazitoshi kuvitenganisha. Ndiyo maana sikubali kijana aachwe kwa mchujo wa siku moja.

Kisha kuna suala la umri, na hapa nirudi kwa Hasheem na vile vimo vya wapinzani. Kwenye uwanja wa shule unamkuta kijeba wa miaka 15 au 16 ameingia na watoto wa miaka 12. Anapiga mabao matatu kila mechi. Takwimu zake ni za kweli, kila bao limeingia wavuni, lakini amezipata dhidi ya watoto wanaomfika kifuani. Miaka minne baadaye wenzake wamekua, misuli imelingana, na yeye hana kitu cha ziada. Aliyeachwa ili yeye apate nafasi yuko wapi? Hatujui. Hatukumwandika.

Jambo hili limetugusa taifa zima. Vijana wetu wa Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 mwaka 2005, wakaondolewa kwa tatizo la umri wa mchezaji. Miaka 12 baadaye upepo ukageuka: Congo Brazzaville ikaondolewa baada ya mchezaji wake tuliyemkatia rufaa kutofika kwenye kipimo cha mifupa ya mkono, nasi tukaenda kwenye fainali hizo Gabon 2017. Kipimo hicho cha MRI cha kifundo cha mkono FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana mwaka 2009. Kibaha hatuna haja ya mashine hiyo kwa watoto wa darasa la sita. Tunahitaji cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, na mwalimu mkuu asiyekubali kubadilisha tarehe.

Hata pale ambapo hakuna anayedanganya, tarehe ya kuzaliwa inaamua mengi. Mashindano ya vijana ya kimataifa huhesabu umri kuanzia tarehe 1 Januari. Mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba wa mwaka mmoja wanawekwa kundi moja, na kati yao kuna karibu mwaka mzima. Kwenye umri wa miaka 13 mwaka mmoja ni kimo, ni kifua, ni mbio. Takwimu za vituo vya soka vya vijana barani Ulaya zimeonyesha kwa muda mrefu kwamba waliozaliwa miezi ya mwanzo wanachaguliwa kwa wingi kuliko wa miezi ya mwisho. Wanaochagua wanadhani wanaona kipaji, kumbe sehemu ya wanachokiona ni miezi.

Na Mbwana Samatta amezaliwa lini? Tarehe 23 Desemba 1992. Huyu ameiongoza timu yetu ya taifa akiwa nahodha. Alitoka African Lyon akaenda Simba, TP Mazembe wakamwona mwaka 2011 wakamchukua Lubumbashi, akabeba nao Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, akahamia Genk Januari 2016, akafunga mabao 23 kwenye ligi ya Ubelgiji msimu wa 2018/19, na Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, ambako akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mtoto aliyezaliwa siku za mwisho za mwaka, ukimpanga mstarini na wa Januari akiwa na miaka 12, ndiye atakayeonekana mdogo. Ni wangapi wa Desemba wamerudishwa nyumbani kutoka kwenye mistari ya Mlandizi, ya Tumbi, ya Kisarawe?

Kwenye mbio mambo ni tofauti. Pale Mkuza, hapahapa Kibaha, kuna shule aliyoianzisha mwanariadha Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Saa haikuuliza amezaliwa mwezi gani wala anatoka wapi. Mkimbiaji ana bahati hiyo. Mchezaji wa mpira hana saa ya namna hiyo. Ana jicho la kocha, na jicho linavutwa na kimo, na mguu wa kushoto, na jina la ukoo linalojulikana. Watu husema mwenye macho haambiwi tazama. Kwenye soka la watoto nadhani anatakiwa aambiwe, tena aandikiwe.

Basi ninachopendekeza kwa walimu na makocha wa Kibaha na Kisarawe hakihitaji kompyuta. Siku ya mchujo, kila mmoja wenu aandike orodha yake peke yake kabla ya kuzungumza na mwenzake. Awapange watoto wote, wa kwanza mpaka wa mwisho, waliochukuliwa na walioachwa, kwa jina, tarehe ya kuzaliwa, shule na nafasi. Tarehe ya siku hiyo iandikwe juu. Karatasi zifungwe pamoja, zikae shuleni au kwa afisa michezo. Baada ya miaka mitatu zifunguliwe. Nani bado anacheza? Nani yuko timu ya mkoa, nani kasajiliwa na klabu, nani ameacha? Baada ya miaka sita zifunguliwe tena. Hapo ndipo tutajua ni mwalimu gani ana jicho kweli, na jicho lake linakosea wapi. Huenda tukamkuta mwalimu wa shule ya pembezoni ambaye hakuna anayemsikiliza vikaoni, na orodha zake ndizo zinazotimia.

Ukiwajua waliochaguliwa peke yao utaona umefanikiwa daima. Waliochaguliwa wamepata mafunzo, mechi, viatu, chakula cha kambini. Lazima wazidi. Kipimo ni wale uliowaacha: wakifanikiwa wengi, ujue mchujo wako una tundu.

Kuna aliyeniuliza, hayo yote yana faida gani kwa klabu ya mtaani isiyo na hata jezi seti mbili? Ina faida ya fedha, na nitaieleza taratibu. FIFA ina utaratibu wa mchango wa mshikamano. Mchezaji wa kulipwa akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine akiwa bado na mkataba, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi msimu wa miaka 23. Kwa kila msimu kati ya miaka 12 na 15, klabu inastahili asilimia 0.25 ya ada. Kuanzia miaka 16, asilimia 0.5 kwa msimu. Klabu ya Kibaha iliyomsajili mtoto akiwa na miaka 12, ikakaa naye misimu minne, inastahili asilimia 1. Akija kuuzwa kwa euro milioni 1, hiyo ni euro 10,000. Akiuzwa tena, inastahili tena.

Lakini fedha hizo zinafuata maandishi. Tangu Novemba 2022 malipo hayo yanasimamiwa na FIFA Clearing House iliyoko Paris, na inachofuata ni pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji: alisajiliwa klabu gani, kuanzia tarehe ipi mpaka ipi. Wewe uliyemfundisha kupiga kona mchangani kwa miaka minne bila kumsajili popote, huko Paris hujulikani. Kwa hiyo daftari la mchujo na fomu ya usajili ni vitu vya kwenda pamoja.

Na wasichana, tafadhali. Serengeti Girls walicheza Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, wakawafunga Ufaransa, wakafika robo fainali. Hadi wakati huo hakuna timu yetu ya soka ya wanaume ya umri wowote iliyokuwa imefika robo fainali ya Kombe la Dunia la FIFA. Hata hivyo shule nyingi bado zinawachuja wasichana kwa nusu saa, baada ya wavulana kumaliza. Nusu saa hiyo hiyo iandikwe kwa makini uleule.

Najua mwalimu atasema, mimi nina watoto 40, nachezesha, napuliza filimbi, natafuta maji, nitaandika saa ngapi? Mpe daftari mtoto aliyeumia mguu, au yule ambaye hajachaguliwa lakini hakosi uwanjani. Mchoree safu nne: jina, dakika alizocheza, mabao na pasi za mabao, na umri wa beki aliyekuwa anamkaba. Ile ya nne ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo ingewasaidia Memphis. Mwambie aandike kila mechi, si za mashindano peke yake, hata zile za Jumamosi za kirafiki kati ya Tangini na Maili Moja. Mechi tano hazisemi kitu. Zikifika 30 mtaanza kuona nani ni nani, na mtakuwa na la kumwonyesha kocha wa mkoa atakapokuja na dakika zake chache za kutazama.